Adhabu Inayomrudisha Ndugu

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 22:1–4, Mhubiri 8:11, Waebrania 12:5–11, Kumbukumbu la Torati 25:1–3, Luka 19:1–10, Filemoni 8–19.

Fungu la kukariri: Mhubiri 8:11. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mzee wa kanisa, amplifaya ya kanisa letu iliibwa Jumatano usiku baada ya ibada ya maombi. Akina mama wa Dorkasi ndio walioinunua, kwa fedha za kuuza maandazi. Siku ya tatu ilipatikana kwa fundi redio mjini. Aliyeiuza alikuwa kijana wetu wa miaka 19, aliyewahi kuvaa skafu ya Watafuta Njia mbele ya mimbari ileile.

Baraza la kanisa lilikaa. Mama mmoja wa Dorkasi alisema, “Mzee, huyu mtoto amrudishie fundi fedha yake, kisha afanye kazi hapa kanisani, mbele ya macho yetu, mpaka tuseme imetosha.” Nilimjibu kwamba wizi ni wizi, sheria ifuate mkondo wake. Wengi waliniunga mkono, na kesho yake tukampeleka polisi.

Wakati ule niliona kwamba mimi nimesimama upande wa haki, na mama yule upande wa huruma. Juma hili tutaona kama Biblia inavitenganisha viwili hivyo kama nilivyovitenganisha mimi. Yaliyompata kijana nitawaeleza Alhamisi.

JUMAPILI
Ng'ombe watano kwa mmoja

Soma Kutoka 22:1–4. Mwizi anatakiwa kufanya nini, na anamfanyia nani?

Aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumwuza, alilipa ng'ombe watano. Aliyeiba kondoo alilipa wanne. Mnyama akikutwa hai mkononi mwake, alilipa wawili. Asiyekuwa na kitu aliuzwa, ili kazi yake ilipe deni. Na Mwebrania aliyeuzwa alitoka huru mwaka wa saba, wala hakuondoka mikono mitupu (Kumbukumbu 15:12–14).

Katika sheria hiyo hakuna gereza. Israeli walijua kumweka mtu kizuizini, lakini ilikuwa ni kungoja hukumu, kama katika Mambo ya Walawi 24:12 na Hesabu 15:34. Kifungo kama adhabu tunakiona zaidi mikononi mwa wafalme: Farao alikuwa na gereza, na amri ya mfalme wa Uajemi katika Ezra 7:26 inakitaja pamoja na adhabu nyingine.

Basi mwenye ng'ombe aliondoka barazani na ng'ombe. Siku hizi mara nyingi aliyeibiwa huondoka na habari tu kwamba mwizi amefungwa. Kisha kodi yake ndiyo inayomlisha mfungwa huyo.

Zakayo aliielewa sheria hiyo. Alipoahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8), alichukua kipimo cha kondoo aliyeibwa na kuchinjwa, akajipimia mwenyewe. Toba yake ilikuwa na hesabu ndani yake, na watu wa Yeriko wangeweza kuihesabu.

*Ni nani uliyemwomba Mungu msamaha kwa ajili yake, lakini hujamrudishia kilicho chake?*

JUMATATU
Hukumu inapokawia

Soma Mhubiri 8:11. Kwa mujibu wa fungu hili, ni nini kinachotia moyo wa mtu ujasiri wa kutenda mabaya?

Mwenye hekima halaumu udogo wa adhabu. Analaumu kukawia kwake. Mtu anayeiba leo hapimi miaka iliyoandikwa katika kitabu cha sheria. Anajiuliza kama atakamatwa, na kama akikamatwa jambo hilo litafika popote. Adhabu ya miaka 30 ambayo huenda isije haimtishi kama adhabu ya siku tatu ambayo hakika itakuja kesho.

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya mwanzo au ya wilaya anaijua sentensi moja: “Upelelezi haujakamilika.” Kesi inaahirishwa, mahabusu anarudishwa rumande, mlalamikaji anarudi nyumbani na nauli yake imepotea. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, tena zitoe fidia kwa walioumizwa na makosa ya wengine. Mambo hayo mawili, upesi na fidia, ndiyo tuliyokutana nayo katika Kutoka na Mhubiri.

Kukawia huzaa jambo la pili. Watu wasiotumaini sheria hujichukulia sheria mkononi. Magazeti huandika “wananchi wenye hasira kali”, na sisi tunasoma na kufungua ukurasa mwingine. Hata hivyo Kutoka 22:2–3 inasema kwamba anayemwua mwizi jua likiwa limekwisha kuchomoza ana hatia ya damu. Mungu aliulinda uhai wa mwizi katika aya zilezile zilizomdai ng'ombe.

*Umewahi kusikia “Mwizi! Mwizi!” ukaenda kutazama? Ulifanya nini ulipofika?*

JUMANNE
Jaji aliyefikiri kama mzazi

Soma Waebrania 12:5–11. Kurudi kwa mzazi kunatofautianaje na kulipiza kisasi?

Huko Hawaii, nchini Marekani, mwaka 2004, Jaji Steven Alm alikuwa anasimamia watu waliohukumiwa kutumikia adhabu nje ya gereza chini ya uangalizi. Wengi walitumia dawa za kulevya. Walivunja masharti mara nyingi na hawakufanywa kitu. Halafu siku moja, makosa yakiwa yamejaa, walitupwa gerezani kwa miaka. Jaji akaona kwamba hakuna mzazi mwenye akili anayelea hivyo, kunyamaza mara kumi kisha kuvunja mfupa mara ya kumi na moja.

Akabadili utaratibu. Aliwaita, akawaonya waziwazi, akawaambia anataka wafaulu. Walipimwa mkojo kwa kushtukizwa. Aliyevunja sharti alikamatwa mara moja akafungwa, lakini kwa siku chache tu, kisha akarudi kazini kwake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 uliwalinganisha na wenzao wa utaratibu wa zamani. Katika mwaka mmoja, kati ya kila 100 wa utaratibu wa zamani 47 walikamatwa kwa makosa mapya; wa utaratibu mpya walikuwa 21. Siku za kifungo walizohukumiwa nazo zilipungua, kutoka wastani wa 267 hadi 138. Uhalifu ulipungua, na kifungo kikapungua pamoja nao.

Tuwe wakweli, habari haikuishia hapo. Mpango wa namna hiyo ulipojaribiwa katika majimbo manne mengine, matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha kwa jumla tofauti ya kukamatwa tena. Wataalamu wamebishana juu ya sababu. Sisi tuchukue onyo: adhabu ya upesi si dawa inayojitosheleza. Waebrania 12 haitaji fimbo peke yake. Inamtaja baba, na mwana anayejua kwamba ni mwana.

*Je, watoto wako wanajua mapema matokeo ya makosa yao, au wanangoja siku hasira yako itakapofika?*

JUMATANO
Mwisho wa viboko

Soma Kumbukumbu la Torati 25:1–3. Kwa nini idadi ya viboko iliwekewa mpaka? Mwenye kuchapwa anaitwa nani?

Torati ilikubali viboko, lakini kwa masharti. Hukumu itolewe kwanza. Adhabu ilingane na kosa. Mwamuzi awepo akitazama, na hesabu isipite arobaini. Sababu inayotolewa ni heshima ya anayepigwa. Tena, wakati anapochapwa ndipo anapoitwa ndugu. Mwanzoni mwa fungu ni mwovu aliyeshindwa katika kesi. Mwishoni ni ndugu yako ambaye hupaswi kumwona duni.

Sisi tumejaribu njia ya ukali. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya kiwango cha chini cha adhabu. Kwa wizi wa aina kadhaa, mkosaji alipata kifungo kisichopungua miaka miwili na viboko 24: 12 akiingia gerezani na 12 akitoka. Nia ilikuwa njema, taifa changa kulinda mali yake. Wizi haukukoma. Na viboko vile 12 vya mwisho vilimpata mtu siku ambayo alipaswa kuanza upya. Aliingia mitaani mgongo ukiuma na jina lake likiwa lilelile, mwizi.

Hatusemi pasiwepo magereza. Wapo watu ambao jamii lazima ilindwe nao: muuaji, mbakaji, jambazi wa silaha. Kumwacha huru anayewinda watoto si huruma, ni kuwatelekeza watoto. Lakini gereza lililowekwa kwa ajili ya hao linapojazwa wezi wa kuku na vijana wasio na wadhamini, linageuka kuwa shule, na walimu wake ni wale wale tuliowaogopa.

*Ni mtu gani kanisani kwenu ambaye adhabu yake ilikwisha zamani, lakini bado anaitwa kwa kosa lake?*

ALHAMISI
Nani atamdhamini?

Soma Filemoni 8–19. Paulo anasema nini kuhusu deni la Onesimo?

Paulo hafichi kwamba huenda Onesimo amemkosea Filemoni na kumpotezea mali. Hasemi yaliyopita yapite. Anasema deni liandikwe kwake yeye, Paulo, na anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kulilipa. Kwa lugha ya mahakama zetu, Paulo anajitokeza kuwa mdhamini.

Kijana wetu hakupata mdhamini. Nani angemdhamini, nasi ndio tuliomshtaki? Alikaa mahabusu miezi 11, kesi ikiahirishwa, na mwisho ikafutwa. Amplifaya ilikaa muda wote huo kituoni kama kielelezo. Iliporudi, panya walikuwa wamekula nyaya. Fundi hakurudishiwa fedha. Akina mama waliuza maandazi tena. Kijana alitoka na marafiki wapya, na kabla mwaka haujaisha alikamatwa kwa kuvunja duka. Safari hii alihukumiwa.

Nilikwenda kumwona pamoja na kikundi chetu cha huduma ya magereza. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwonya. Yeye aliniuliza swali moja: “Mzee, wale mama walinunua nyingine?” Nikatambua kwamba aibu ya kuwaibia wale mama ilikuwa bado iko ndani yake, na kwamba hakuna siku tuliyompa nafasi ya kusimama mbele yao. Pendekezo la mama yule lilikuwa na hukumu ya upesi, malipo, mashahidi, na mwisho unaojulikana. Lilikuwa haki kuliko la kwangu.

Njia kama hiyo ipo hata katika sheria. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ya Tanzania, na ile ya Kenya ya mwaka 1998, zinamruhusu hakimu, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, kumpa mkosaji kazi ya bure kwa faida ya umma badala ya gereza. Anasafisha zahanati, anapanda miti, usiku analala kwake. Lakini mtu huyo anahitaji jamii itakayokubali kumpokea.

*Kama hakimu angeliuliza kanisa lenu leo, “Mnaye mtu wa kusimama na kijana huyu?”, mngejibu nini?*

IJUMAA
Mawazo zaidi

Pitia tena Luka 19:1–10. Yesu aliingia nyumbani mwa Zakayo kabla Zakayo hajarudisha hata senti, na makutano wakanung'unika. Walioibiwa walikuwa na haki ya kudai. Lakini ilikuwa baada ya mgeni kukaribishwa ndipo mali ilipoanza kurudi kwa wenyewe.

Maswali ya kujadili:

1. Mtu akisema, “Tukiwahurumia wezi, wizi utaongezeka,” tutamjibuje kutokana na Mhubiri 8:11? Ni wapi hoja yake ina ukweli?

2. Ni makosa gani ambayo kanisa halina ruhusa ya kuyamaliza nyumbani, hasa yanayowahusu watoto na wanawake walioumizwa? Tutajuaje kama tunatafuta upatanisho, au tunaficha aibu yetu?

3. Mkiwa darasa, tajeni jambo moja mtakalofanya robo hii kwa mahabusu, mfungwa, au familia yake (Mathayo 25:36). Andikeni jina la atakayesimamia, na tarehe.