Paulo Hakukubali Kutoka kwa Siri



Katika Matendo ya Mitume sura ya 16 mna habari tunayoipenda sana, lakini twaishia mahali patamu. Paulo na Sila wanaimba gerezani Filipi usiku wa manane, nchi inatetemeka, mlinzi wa gereza anabatizwa yeye na watu wa nyumbani mwake. Hapo twafunga kitabu. Asubuhi yake twaisahau. Asubuhi ile mahakimu walituma watu waseme wafungwa wafunguliwe, waende zao. Walikuwa wamepigwa bakora mbele ya watu wote pasipo hukumu, na sasa wakubwa walitaka mambo yaishe kimya kimya. Paulo akakataa. Waliowapiga hadharani na waje wenyewe kuwatoa. Nao wakaja, tena kwa hofu.

Twayaandika haya kwa sababu ya jambo lililo karibu nasi. Vijana wengi wa Ruangwa na Nachingwea hutafuta riziki katika madini, wengine kwa kuchimba, wengine kwa kununua na kuuza. Mmoja wao, mfanyabiashara wa Nachingwea, alikamatwa na polisi Mtwara mwaka 2021 na fedha zake zikachukuliwa. Januari 2022 alikwenda kudai chake. Hakurudi. Ndugu zake walimtafuta, hata ikajulikana kwamba ameuawa na mwili wake umetupwa porini. Polisi saba walishtakiwa. Rais Samia alisema waziwazi mwaka ule ule kwamba haifai jeshi lijichunguze lenyewe. Juni 2025 Mahakama Kuu huko Mtwara iliwahukumu maafisa wawili kunyongwa, na watano ikawaachia huru.

Basi angalieni: kama ndugu zake wangenyamaza, habari ingalikwisha pale porini.

Wako Wakristo watakaotuambia, "Someni Warumi 13, mamlaka imetoka kwa Mungu." Twaisoma. Lakini aliyeiandika sura hiyo ndiye yule yule aliyekataa kutoka kwa siri huko Filipi. Hakumtukana hakimu wala hakumrushia mtu jiwe. Alidai sheria ifuatwe na wale waliokabidhiwa sheria. Na Katiba yetu, ibara ya 13, yakataza mtu kuteswa, tena yasema mshtakiwa asitendewe kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa.

Hatusemi polisi hawafai. Anayesema hivyo hajaibiwa korosho zake ghalani. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache uaskari. Aliwakataza kudhulumu na kusingizia, akawataka watosheke na mshahara wao. Wewe askari usaliye pamoja nasi, neno hilo ni lako, hasa siku utakapoamriwa kumpiga mtu ambaye tayari amefungwa mikono.

Lakini na sisi tumo katika dhambi hii. Mwaka mmoja kijana aliyeshukiwa kuiba baiskeli alipitishwa kijijini amefungwa kamba, uso umevimba. Tulikuwa tumesimama mlangoni pa kanisa. Mmoja wetu akasema, "Afadhali, atajifunza," nasi tukacheka. Hakuna aliyeuliza amehukumiwa wapi. Hata leo hatujui kama aliiba. Twashangilia mkono wa askari ukimwangukia mwizi wa kuku, kisha twashangaa mkono ule ule unapomwangukia mtoto wetu. Mkono haukujifunza peke yake; tulikuwapo.

Na hofu imezidi tangu Oktoba 2025, watu walipopigwa risasi katika miji kadhaa wakati wa uchaguzi. Wengi sasa husema neno "polisi" kwa kunong'ona. Ndiyo sababu twataka kusema mambo machache bila kunong'ona. Mtu akiitwa kituoni, asiende peke yake. Aende na ndugu, au amwombe mzee wa kanisa amsindikize. Polisi wakipekua na kuchukua mali, sheria inawataka watoe stakabadhi. Iombeni kwa heshima, itunzeni. Mtu akipigwa, apelekwe hospitali mapema, na habari iandikwe tarehe yake na saa yake. Kisha barua ipelekwe kwa wakubwa wa wilaya, yenye majina ya walioiandika. Barua isiyo na jina haina miguu. Wala kituo kisirushiwe mawe, maana atakayeumia huenda ni askari wa zamu asiyejua lolote.

Jumapili ijayo, katika maombi, tutamkumbuka kijana yule wa Nachingwea na wazazi wake. Tutawaombea pia wale maafisa wawili waliohukumiwa kifo, pamoja na watoto wao, kwa kuwa hatutamani kifo kingine kiongezwe juu ya kile cha kwanza. Ukiona vigumu kuitikia hapo, jua kwamba hata sisi tutakaoyasoma maombi hayo twaona vigumu.