Mwenye Nyumba Anabeba Nini?

Dini yangu inaniruhusu kula kodi ya nyumba na inanikataza kula riba. Wapo wanaoona hapo pana mchezo wa maneno tu: mwenye nyumba amekaa, mwenye fedha amekaa, na mwisho wa mwezi wote wawili wananyoosha mkono. Mimi ni mwalimu mstaafu, napangisha vyumba Mbagala, na swali hilo silichukulii juu juu, maana ndilo linaloamua kama ninachowalisha wajukuu ni halali.

Nchi hii iliwahi kulijibu kwa ukali. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakaa yote. Mengi yalikuwa ya watu wenye asili ya Asia, na ndiyo tuliyozoea kuyaita nyumba za Msajili. Kisha mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, viongozi wakafunguliwa mlango wa kupangisha nyumba. Azimio la kwanza nililifundisha darasani, la pili nikalisikia redioni. Mpaka leo sijapata maelezo ya kuridhisha: kama kodi ilikuwa unyonyaji mwaka 1967, ni nini kilichoitakasa mwaka 1991?

Jibu lililonitosheleza nililipata kwenye fiqhi. Kuna hadithi ya Bibi Aisha, imo katika Sunan ya Abu Daud, ambayo wanazuoni wameijengea kanuni: pato la kitu ni la yule ambaye kikiharibika hasara ni yake. Nyumba ikiungua, kodi inakoma, kwa sababu mpangaji hadaiwi chumba kisichokalika. Deni halikomi. Fedha za mkopo ziibwe njiani, ziteketee, mkopaji atazilipa zote na riba juu yake. Tofauti iko hapo, kwenye hasara. Nani amechoka zaidi na nani amekaa kivulini ni suala jingine.

Basi kodi yangu ni halali kwa kadiri ninavyoibeba nyumba, na nyumba hubebwa kwa vitu vidogo. Masika yanapokolea, mama wa chumba cha uani hunigongea alfajiri: "Mama, maji yameshafika kitandani." Sababu ni msumari mmoja wa bati. Mpira wake umekatika kwa jua, kutu imepanua tundu, maji yanafuata mbao ya kenchi hadi ukutani na kushuka kimyakimya nyuma ya kabati lake, ambako hakuna anayeyaona mpaka nguo ziote ukungu. Fundi, lami na bati jipya ni juu yangu. Shimo la choo likijaa, gari la majitaka naliita mimi na kulilipa mimi, ingawa mtaani kwetu wengi huwachangisha wapangaji. Umeme ni tofauti. LUKU wanachanga wenyewe, na mwenye friji anaongeza, kwa kuwa huo ni utumiaji wao, haumo katika mwili wa nyumba.

Mtoto wa kaka yangu ni ofisa mikopo, kijana mwema anayenitakia heri. "Shangazi," aliniambia, "acha kudunduliza matofali. Chukua milioni 30, inua vyumba sita vingine, wapangaji watakulipia mkopo." Maneno hayo yanasemwa kila mahali siku hizi, kwenye semina za uwekezaji na hata kwenye vikoba, kana kwamba hayana uzito. Tulipiga hesabu pamoja. Riba ya mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikizunguka asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka. Kwa asilimia 17, milioni 30 inazaa riba ya milioni 5.1 mwaka wa kwanza, yaani shilingi 425,000 kwa mwezi, kabla sijagusa deni lenyewe. Vyumba sita kwa elfu 60 ni 360,000.

Cha kuziba upungufu ule kitatoka wapi? Kwa wapangaji tu. Wala tatizo haliishii kwenye kupandisha kodi. Aya ya 280 ya Sura ya Baqara inaniamuru kumpa muda mdaiwa aliyekwama. Mpangaji wangu, kijana wa bodaboda, akivunjika mguu, naweza kumwambia, "Baba, pona kwanza." Nikiwa na rejesho la benki tarehe 5, sina tena uwezo wa kuyatamka maneno hayo, hata moyo ukitaka. Mkopo ule ungekuwa umeninunulia vyumba na kuniuzia huruma yangu.

Mtoto wa kaka yangu akanikumbusha kwamba Amana ilifungua milango mwaka 2011 kama benki kamili ya Kiislamu, na kwamba katika fedha za Kiislamu ipo musharaka inayopungua: benki na mteja wananunua nyumba kwa ubia, mteja analipia kodi ya sehemu ya benki huku akiinunua kidogo kidogo. Mfumo huo naupenda. Kwa yeyote anayeutoa nina swali moja tu kabla ya kusaini: nyumba ikianguka katikati ya safari, hasara ya sehemu yenu ni yenu? Kama mkataba unanitwisha yote, basi ni mkopo uliovalishwa kanzu.

Jambo linalonisumbua zaidi liko karibu na nyumbani. Wenzangu wengi wacha Mungu, wanaoikimbia benki kwa kuogopa riba, wanamalizia ujenzi kwa kodi ya mwaka mzima inayolipwa kabla mpangaji hajahamia. Juu yake kuna mwezi wa dalali. Wanazuoni wamekubali kodi kulipwa mapema, nami sisemi ni haramu. Nasema tutazame fedha ile ilipo: imeshageuka saruji na nondo. Chumba kikijaa maji mwezi wa tatu, mwenye nyumba hana cha kurudisha, na mpangaji, tuseme binti wa kiwandani aliyeuza mpaka televisheni ili apate kodi ya mwaka, ndiye anayebaki na hasara. Kwa kanuni ile ile ya Bibi Aisha, nani sasa anastahili pato?

Napokea mwezi kwa mwezi, na majirani wananilalamikia kwamba naharibu soko. Kwa anayeona hawezi bila kodi ya mwaka, ninalo ombi. Aandike kwenye mkataba, mbele ya mjumbe, kwamba chumba kisipokalika miezi iliyobaki itarudishwa taslimu, na asizitumie fedha za miezi ambayo bado haijafika.