Deni la Msomi

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi kuelekea New York ikiwa na wanafunzi 81, wengi wao Wakenya. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa amezunguka Marekani akiwatafutia nafasi vyuoni. Nauli ilichangwa na watu wa huko: mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wenzao michango. Huku nyumbani nako watu walijifunga kibwebwe. Wapo walioandaa karamu za chai za kuchangisha, wapo waliouza ng'ombe ili kijana wa ukoo apate ada na fedha ya matumizi. Kufikia 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari kwa mpango huo.

Kila mmoja wao alipanda ndege na deni. Lakini alidaiwa na nani? Na Mmarekani aliyetuma dola kumi kwa mtu asiyemjua, na jirani aliyeuza ng'ombe, au na nchi ambayo ilikuwa bado chini ya Mwingereza?

Wahenga wenyewe hawakukubaliana. Walisema fadhila ya punda ni mateke, wakimlaani anayemsahau aliyemfadhili. Hao hao wakasema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani, wakimkataza mfadhili kusimama mlangoni akingoja kulipwa. Kati ya maneno hayo mawili ndipo anapoishi kila anayesomeshwa na taifa la kigeni: aliyekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, aliyekwenda Uingereza kwa ule wa Chevening, mwanafunzi wa sekondari wa Mombasa au Unguja aliyekaa mwaka mzima na familia ya Kimarekani kwa mpango wa YES, hata binti wa familia ya kipato cha chini anayefundishwa Kiingereza bure baada ya saa za shule kwa mpango wa Access.

Wafadhili hawa hawajapata kuficha kwamba wana shabaha yao. Mwaka 1960, Mboya alipohitaji fedha za safari ya pili, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Taasisi ya familia ya Kennedy ikaahidi dola 100,000. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa rais wa Marekani, Kennedy akishindana na Nixon, makamu wa rais, na mara wizara ile ile iliyokataa ikajitokeza na ahadi yake. Upande wa pili, Moscow ilifungua mwaka huo huo chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, nacho muda mfupi baadaye kikapewa jina la Patrice Lumumba. Kijana wa Nyeri au wa Kisumu alikuwa anagombewa na mataifa makubwa yaliyotazama akili yake kama ngome ya kutekwa.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliandika vitabu saba kuhusu hisani. Alishikilia kwamba hisani hukaa katika nia ya mtoaji, na kwamba kile kinachopokelewa mkononi ni alama yake tu. Rai hiyo ni nzuri, lakini ikichukuliwa ilivyo itafuta karibu kila ufadhili uliopo duniani, maana nia safi kabisa haijapata kuonekana katika bajeti ya serikali yoyote.

Hebu atazamwe William Fulbright mwenyewe. Seneta huyo wa Arkansas alisoma Oxford miaka ya 1920 kwa fedha alizoacha Cecil Rhodes, mkoloni tajiri wa Kusini mwa Afrika. Baada ya Vita Kuu ya Pili akabuni njia ya kutumia mali za kijeshi ambazo Marekani iliziacha ng'ambo: ziuzwe, na fedha zilipie wanafunzi na walimu wavuke mipaka. Rais Truman alitia saini sheria hiyo tarehe 1 Agosti 1946. Mtu huyo huyo, mwaka 1956, alitia saini waraka wa wanasiasa wa Kusini waliopinga watoto weusi na weupe kusoma shule moja, na mwaka 1964 akapiga kura dhidi ya Sheria ya Haki za Kiraia. Jina lake limewafungulia Waafrika wengi milango ya vyuo vikuu, ilhali yeye alitaka watoto weusi wa jimbo lake wafungiwe milango ya shule za weupe. Anayetaka kupima ufadhili kwa nia ya mwanzilishi peke yake hatajua aanzie wapi.

Kwa Rhodes jambo ni zito zaidi, kwa kuwa mali yenyewe ina historia. Sanamu yake iling'olewa Chuo Kikuu cha Cape Town Aprili 2015, na wimbi hilo likafika Oxford. Mmoja wa walioongoza kampeni huko alikuwa anasoma kwa ufadhili wa Rhodes, naye akaitwa mnafiki. Jibu lake lilikuwa wazi: hakujiona mfadhiliwa wa Rhodes, kwani utajiri ule ulitokana na ardhi na jasho la watu wake, hivyo alichopokea ni sehemu ndogo ya haki yao. Wengi walikasirika. Hata hivyo hoja hiyo ina uzito ambao hasira haiwezi kuuondoa. Mtu aliyenyang'anywa shamba akigawiwa gunia moja la mavuno yake, hawezi kudaiwa shukrani kwa gunia hilo.

Dini zimelitazama jambo hili kutoka upande mwingine. Hazimshughulishi sana mpokeaji na deni lake, zinamkalia mtoaji. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na udhia. Yesu, katika Injili ya Mathayo, anataka mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kulia. Kwa mafundisho yote mawili, msaada unaotangazwa ili mpokeaji aukumbuke daima umeanza kupoteza thawabu yake. Sheria ya Kiislamu ikaenda mbele zaidi kwa kuweka wakfu: kwa rai ya wanazuoni wengi, mali ikishawekwa wakfu imetoka mkononi mwa mwenyewe moja kwa moja, hawezi kuirudisha wala kuiuza. Kwa mali za namna hiyo msikiti wa Al-Azhar mjini Cairo uliwatunza kwa karne nyingi wanafunzi wa mbali, kila jamii na riwaki yake, yaani ukumbi wake: Washami, Wamaghribi, Wajabarti wa Pembe ya Afrika. Aliyeweka wakfu alikwisha kufa, na hakuna aliyekuja kumuuliza mwanafunzi kama bado anampenda.

Wakfu unaonyesha kwa uwazi kitu ambacho ufadhili wa serikali unakificha: zawadi hukamilika pale mtoaji anapoiachia. Kabla ya hapo ni mkopo, au ni ujira. Mtu akilipiwa masomo ili aje aseme maneno fulani, ameajiriwa.

Kipimo hicho kinatoa jibu ambalo huenda likawashangaza wanaohesabu faida ya ushawishi. Mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds mwaka 1964 kwa ufadhili wa British Council, taasisi iliyoundwa mwaka 1934 kuitangaza Uingereza na lugha yake. Huko akawasoma Marx na Fanon. Mwaka 1968, akiwa na wenzake Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, alidai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Miaka kumi baadaye, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, aliandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1986 akatangaza kuacha kutumia Kiingereza katika maandishi yake. Kwa hesabu ya mfadhili mwenye choyo, hayo ni mateke ya punda. Kwa hesabu ya elimu, ni ushahidi kwamba alichopewa kilikuwa chake kweli, na mwenye mali hukitumia apendavyo.

Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alipita njia ya utulivu zaidi. Alisomea falsafa Oxford, chini ya Gilbert Ryle, kisha akawataka wenzake wachukue kila swali la falsafa walilorithi Ulaya walifikiri upya kwa lugha zao, waone kama bado linasimama. Yeye hakuyatupa aliyofundishwa Oxford. Aliyarudisha nyumbani yakahojiwa na Kiakan, lugha yake.

Je, basi msomi hadaiwi kitu? Anadaiwa, na deni ni kubwa. Ajabu ni kwamba masharti ya wafadhili yenyewe yanataja mahali pa kulilipia: wanaosoma Marekani kwa Fulbright na wanaosoma Uingereza kwa Chevening hutakiwa warudi nchini mwao kwa miaka miwili. Sharti hilo limewekwa kwa sababu za kiserikali, lakini ndani yake mna ukweli wa kimaadili. Anayestahili kulipwa ni yule aliyebaki. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960 katika msafara wa Mboya, akasoma baiolojia katika chuo cha watawa wa Kibenedikto mjini Atchison, Kansas. Alilipa kwa kuwafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche, tangu mwaka 1977, na kwa kusimama mwaka 1989 kuizuia serikali yake isijenge ghorofa ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Waliouza ng'ombe zamani zile walikuwa wakimsomesha mtu wa namna hiyo, hata kama hawakumjua.

Lipo deni jingine ambalo mtu mmoja hawezi kulilipa. Kila mwaka walimu vijana kutoka Kenya na Tanzania hupelekwa na Fulbright kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani. Mwalimu anaingia darasani Januari, theluji nje, anawaeleza vijana wa Ohio kwamba mkubwa hupewa shikamoo naye huitikia marahaba, na kwamba kumpita mzee bila kumsalimu ni utovu wa adabu. Wamarekani nao huletwa Tanzania kujifunza lugha hiyo hiyo. Huo ni utamaduni unaosafiri pande zote mbili, ila nauli ya kwenda na ya kurudi hutoka mfuko mmoja, wa Marekani. Mwanasosholojia Mfaransa Marcel Mauss alionyesha mwaka 1925, kwa mifano ya jamii nyingi, kwamba asiyepewa nafasi ya kurudisha zawadi hushushwa hadhi. Tena mfuko wa mtu hufungwa apendapo mwenyewe: Juni 2025 karibu wajumbe wote wa bodi ya Fulbright walijiuzulu, wakisema serikali imewanyima ufadhili watu ambao bodi ilikwisha kuwachagua.

Serikali za Afrika Mashariki, zinazoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai, zinaweza kuanza kulilipa deni hilo kwa nafasi kumi kwa mwaka kutoka hazina zao: nauli, chumba na ada kwa kijana wa Ohio, wa Seoul au wa Accra aje kusoma Kiswahili na falsafa Zanzibar, Dar es Salaam au Nairobi. Mkataba wake usiwe na kifungu cha kuisifu nchi iliyomlipia. Na akirudi kwao akaandika makala ya kuikosoa serikali hiyo, kwa Kiswahili fasaha alichojifunza kwa fedha za serikali hiyo hiyo, kamati iliyomchagua iisome, imjibu inapobidi, kisha itangaze nafasi kumi za mwaka unaofuata.