Jiwe la Bibi



Mwaka 1971, Operesheni Dodoma ilipoanza, Wagogo wengi waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za tembe zilizotawanyika walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Mama alikuwa na miaka minane. Waliahidiwa maji na shule. Shule aliipata kweli, na bila hiyo hata mimi nisingesoma.

Juzi nilimpeleka kwao, mbele ya Bahi, kwa bodaboda. Tembe likiachwa, mvua hulirudisha ardhini. Tulikuta tuta tu, mbuyu, na jiwe la kusagia mtama. Mama akachuchumaa, akalipangusa vumbi, akalia.

Mimi, mjuaji wa mafungo ya vijana, nikaanza: "Mama, samehe tu, ya kale yamepita."

Akaniangalia. "Nilishasamehe kabla hujazaliwa. Nimekuja nawe uone alipolala bibi yako."

Kumbe nilidhani kusamehe ni kuacha kulia! Nehemia alimwambia mfalme wa Uajemi waziwazi kwamba ana huzuni, kwa kuwa mji wenye makaburi ya baba zake ni ukiwa. Na Musa alitoka Misri na mifupa ya Yusufu, mzigo usiolika wala kunyweka jangwani. Naona Amri ya Nne inadai hata hili: kusimama juani na mzazi anayelia, bila kumharakisha. Kumhubiria ni rahisi zaidi, nakiri.

Tuling'oa magugu kaburini mpaka bodaboda akaanza kupiga honi. Nilitaka tulibebe lile jiwe. Mama akakataa.

"Liache. Bibi yako atasagia nini?"