Sababu na kosa

Mama mmoja wa kwetu hapa Kisugu alizika watoto wawili, na hakuna aliyefikisha wiki mbili. Walizaliwa wazima, wakanyonya siku chache, halafu wakalegea, wakakataa ziwa, wakaisha. Majirani wakasema maziwa yake yameharibika. Na maziwa, wakasema, hayaharibiki bure, mwanamke amefanya kitu. Bwana yake akahama nyumba.

Alinijia kwa sababu mi ndiye ninaandikia watu barua, na watu wanafikiri anayeandika anajua. "Mwanangu, ni kweli maziwa ya mama yanaweza kuua mtoto?"

Nikajibu haraka: "Hapana, mama." Usiku sikulala vizuri.

Maana nilikuwa nimesoma juu ya ugonjwa mmoja wa kurithi, wa nadra sana. Protini ya maziwa imejengwa na vipande vidogo, asidi amino. Mwili unatumia vile unavyohitaji, vinavyobaki unavivunja. Mtoto mwenye ugonjwa huu hawezi kuvunja vitatu kati ya hivyo. Vinajaa kwenye damu mpaka vinafika ubongo, na mkojo unanuka sukari iliyoungua. (Si kisukari, watu wasichanganye.) Mwaka 1954 daktari Menkes na wenzake waliandika juu ya familia moja iliyopoteza wachanga wanne namna hiyo. Kule Pennsylvania kuna Wamenoni, watu ambao mababu zao walikimbia mateso ya dini Ulaya, wakimbizi kama sisi, wakaoana wao kwa wao. Kwao ugonjwa unampata mtoto 1 katika 380 hivi. Kwa dunia nzima ni kama 1 katika 185,000. Damu kidogo ya kisigino inauonyesha mapema, na mtoto akipewa maziwa maalum, yasiyo na vile vipande vitatu, anakua.

Watoto wa yule mama walikufa na nini, hakuna anayejua. Hawakupimwa. Maambukizi ya damu yanaua wachanga kwa dalili hizo hizo, na ndiyo ya kawaida zaidi.

Lakini jibu langu lilikuwa nusu ya ukweli, nimeichagua ili majirani wasipate silaha. Hiyo ni huruma? Nafikiri ilikuwa woga. Majirani wanachanganya sababu na kosa, na mimi, kwa kuficha sababu, nilikubaliana nao kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja. Kosa linahitaji mtu ajue na achague. Nani anachagua damu yake? Tena ugonjwa huu unataka kasoro itoke pande zote mbili, baba na mama, wote wazima wasiojua kitu, na kila mimba ina nafasi 1 kwa 4. Na akipata mimba ya tatu? Bila kuambiwa, hatakwenda kwa daktari mapema kueleza habari ya wale wawili. Faraja yangu ingemgharimu mtoto.

Nikarudi kwake, nikamwambia yote, pamoja na lile tusilolijua. Alinyamaza muda mrefu.

"Na baba naye?"

"Kama ni ya kurithi hivyo, naye, mama."

"Basi andika barua."

Niliandika kwamba sababu haijulikani, na kwamba kama ni ugonjwa ule, umetoka kwa wote wawili. Akataka nifute ile "kama". Nikakataa, tukabishana kidogo. Barua ilienda na boda Jumamosi, "kama" ikiwa ndani.