Ufunguo wa Maabara

Ukiteremka kutoka Kiritiri, hapa Mbeere, kuelekea Mto Tana, unaingia katika nchi ya umeme. Mto huo umezibwa mara tano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka wa 1968, na Gitaru peke yake lina uwezo wa megawati 225. Nilifundisha Fizikia jirani na maji hayo kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne walikariri kanuni ya Faraday kama sala ya asubuhi. Jioni walirudi nyumbani kudurusu kwa mwanga wa koroboi. Sikuwahi kuwaonyesha umeme unavyozaliwa. Sikuonyeshwa mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, nami nikafundisha nilivyofundishwa.

Kilichonibadilisha ni semina ya likizo ya Agosti. Sisi walimu wa zamani tunaikumbuka kwa jina la SMASSE, mradi wa kuimarisha Hisabati na Sayansi ulioanza mwaka wa 1998 kwa ushirikiano wa serikali yetu na shirika la Japani la JICA. Ulianzia katika wilaya tisa, ukaenea nchi nzima kuanzia 2003. Leo kazi hiyo imo mikononi mwa CEMASTEA, kituo kilichoko Karen, Nairobi.

Nilikwenda shingo upande. Likizo ni ya kupanda, kuvuna na kuona wazazi, na hapa Mbeere ndengu haimsubiri mtu. Siku ya pili mkufunzi wetu akaweka mezani dainamo kuukuu ya baiskeli, akauliza: ndani mna nini? Chumba kizima cha walimu wenye shahada kilinyamaza. Akaifungua. Palikuwa na sumaku na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, basi. Tukapindua baiskeli miguu juu, tukazungusha gurudumu, taa ikawaka. Tukaongeza kasi, ikang'aa zaidi. Kule Gitaru ni hivyo hivyo, ila maji ndiyo yanayosukuma. Nilitamani wanafunzi wangu wote niliowahi kuwafundisha wawe mle chumbani.

Lakini somo zito lilikuja alasiri. Tulipanga kipindi, mmoja wetu akakifundisha, wengine wakatazama na kusema walichokiona, kisha kikatengenezwa upya. Panga, tenda, tazama, boresha. Mwenzangu aliniambia mbele ya wote kwamba nilijibu maswali yangu mwenyewe mara kumi na moja. Alikuwa amehesabu. Iliniuma, na ni kweli tupu. Kazi yetu hii tunaifanya milango ikiwa imefungwa; mwalimu anaweza kustaafu bila mwalimu mwenzake kumwona akifundisha hata mara moja.

Nikarudi shuleni na moto moyoni. Shule yenyewe sitaitaja. Vifaa vya maabara vilikuwa kabatini, vimetunzwa visivunjike hadi wakati wa mtihani wa taifa, na ufunguo ulikuwa ofisini. Nilipouomba niliulizwa kama nimemaliza silabasi. Baada ya muhula mmoja nilikuwa nimerudia chaki na maneno.

Ndiyo maana nasema semina haiishi siku ya kupewa cheti. Mafunzo yetu hushuka ngazi kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa huwafunza wa kaunti, nao hutufunza sisi. Ni kama maji ya mfereji mrefu; shamba la mwisho hupata matone, na shamba hilo la mwisho ndilo darasa. Nawafikiria hasa walimu wa sekondari msingi, iliyoanza mwaka wa 2023. Aliyesomea Baiolojia na Kemia sasa anabeba Sayansi Jumuishi yote, Fizikia ikiwemo, pengine katika shule ya msingi ambayo haijawahi kuwa na maabara. Huyo hahitaji hotuba ya siku mbili hotelini. Anahitaji mwenzake wa shule ya jirani aketi nyuma ya darasa lake, kisha wazungumze.

Nawe mwalimu mkuu unayesoma haya, mwalimu wako akirudi kutoka semina, usimwombe ripoti kwanza. Mpe ufunguo wa maabara siku hiyo hiyo, na ukipata nafasi, uingie ukae na wanafunzi utazame.