Mizani ya Dohani

Ndugu zangu, muuza duka akikupunja robo kilo ya sukari, mtaa mzima utakusikia. Nabii Amosi naye hakunyamaza: aliwakemea mchana kweupe wafanyabiashara waliopunguza kibaba na kuchezea mizani ili wamnyonye maskini. Ndugu zetu Waislamu wanayo sura nzima inayowaonya wapunjao vipimo. Basi mbona tunakaa kimya mtoto anapopunjwa pumzi?

Tazameni Mpumalanga, Afrika Kusini, kwenye msururu wa mitambo ya shirika la Eskom inayofua umeme kwa makaa ya mawe. Mwaka 2007 serikali yenyewe ilikiri kwamba hewa ya nyanda zile za Highveld ni mbaya, ikazitangaza kuwa eneo la kushughulikiwa kwanza. Miaka ikapita, watoto wakikohoa. Mwaka 2019 mtambo wa Kendal, wenye megawati zaidi ya 4,000, ulitema vumbi hata ikaamriwa mashine mbili zizimwe. Baadaye Eskom ikashtakiwa, na miongoni mwa mashtaka lilikuwamo hili, lisikieni vizuri: kumpa ofisa wa ubora wa hewa taarifa za uongo au za kupotosha. Mashtaka si hukumu, najua. Lakini ole wetu ikiwa karatasi ya vipimo nayo ya kutiliwa shaka!

Msiniambie kwamba moshi tunauona kwa macho. Salfa dioksaidi haina rangi. Chembe zinazoua ni zile zisizofika hata maikromita 2.5, hizo hupita puani, hupita kooni, zikatua ndani kabisa ya mapafu. Dohani yaweza kuonekana safi na huku inazika watu.

Ndiyo maana lazima kupima, na kupima ni kazi ya jasho na uaminifu. Mafundi hupanda hadi jukwaa lililo ubavuni mwa dohani, hufungua tundu, wakaingiza mrija mrefu. Mrija ule sharti uvute kwa mwendo uleule ambao moshi unapanda nao. Ukivuta kwa kasi mno, chembe nzito huukwepa, na hesabu ikaonyesha nafuu isiyokuwapo. Kichujio hukaushwa na kupimwa uzito kabla, kisha hukaushwa na kupimwa tena. Kilichozidi ndilo vumbi ambalo jirani angelivuta. Vipo pia vyombo vinavyosoma gesi usiku na mchana, navyo huhakikiwa kwa mtungi wa gesi ambayo kiasi chake kinajulikana. Chombo kisichohakikiwa ni shahidi wa uongo, hata kiwe cha bei gani! Na mtambo ukipimwa siku iliyotangazwa mapema, makaa yamechaguliwa na mashine inabembelezwa, hicho ni kiini macho.

Wakazi wa eMalahleni, huko huko Mpumalanga, hawakukubali. Chama chao cha Vukani pamoja na shirika la mazingira la groundWork walikwenda mahakamani na hesabu mkononi, na tarehe 18 Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria ikatamka kwamba hewa ile inavunja haki yao ya kikatiba. Wana Lamu waliwahi zaidi: tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hongera zao! Dohani isiyojengwa haihitaji kupimwa.

Nanyi mnaojiona salama, kumbukeni kwamba viwanda vya saruji vya kwetu navyo vinachoma makaa ya mawe. Inukeni! Mlioko Tanzania waandikieni wasimamizi wa mazingira wa NEMC, mlioko Kenya waandikieni wale wa NEMA. Ombeni karatasi ya kipimo cha mwisho cha dohani iliyo jirani yenu, yenye tarehe, jina la aliyepima, na jina la aliyemlipa. Msipojibiwa, andikeni tena, mkatie sahihi kijiji kizima.